Jinsi ya Kuitambua Kampeni ya Maktaba Inayostahili Tuzo: Mwongozo Kamili kwa Walio Nairobi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeisikia methali hii mara nyingi katika ofisi za wakutubi, kila linapozuka suala la kuitangaza maktaba. Vitabu tunavyo, viti vipo, mlango uko wazi. Anayetaka kusoma atakuja mwenyewe. Nami huwajibu kwa kisa cha ngamia. Mwaka 1996, kule Garissa, Huduma ya Maktaba za Taifa nchini Kenya ilianza kupakia masanduku ya vitabu migongoni mwa ngamia na kuwafuata wafugaji waliko. Kizuri kilijitembeza, na wasomaji wakakipokea.

Nimejitolea kwa miaka kadhaa katika maktaba ndogo ya jamii upande wa Eastlands, kisha nikaombwa kukaa kwenye jopo la watu watano la kuchagua kampeni bora miongoni mwa maktaba za shule na za mitaa. Kikao chetu cha kwanza tulikosea vibaya. Tuliipa ushindi maktaba iliyokuwa na bango la kuvutia kuliko yote: rangi safi, maneno machache, picha ya msichana amekumbatia kitabu. Wiki mbili baadaye tulipokwenda kukabidhi cheti tulilikuta bango lile limetundikwa ndani, juu ya meza ya kuazimia. Waliokuwa wakilisoma ni wale waliokwisha kuingia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya maarifa ya namna ya kuitofautisha kampeni yenyewe na pambo. Nayaweka hapa kwa ajili ya mwalimu anayesimamia maktaba ya shule, mkutubi wa kaunti, kikundi cha vijana chenye chumba cha vitabu, au yeyote anayetaka kuandaa tuzo ya maktaba hapa jijini na hajui aanzie wapi.

Hatua ya kwanza: soma vipimo vya wenzetu kabla ya kutunga vyako

Kazi hii ina wazee wake. Marekani kuna Tuzo ya John Cotton Dana, iliyoanza mwaka 1946 na ambayo imekuwa ikitoa dola 10,000 kwa kila maktaba inayoshinda. Dana alikuwa mkutubi wa mji wa Newark, na mwaka 1904 alifungua tawi mahsusi la wafanyabiashara karibu na shughuli zao, badala ya kuwangoja wapande ngazi za jengo kuu. Ninapenda kumtaja kwa sababu alichokifanya kinaeleweka hata Gikomba: nenda aliko mtu, umpelekee kinachomfaa.

Kwa upande wa dunia nzima, IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba lililoundwa Edinburgh mwaka 1927, lina tuzo yake ya masoko, yaani ya kuzitangaza maktaba. Shirikisho hili si geni kwetu: mkutano wake mkuu wa mwaka 1984 ulifanyika hapa hapa Nairobi. Majaji wake huangalia kama kampeni ilitokana na utafiti na mipango, kama wazo lake ni jipya, kama inaweza kuifanya maktaba ionekane na kuungwa mkono na umma, kama ilikuwa na malengo yanayopimika na ikayapima, na kama waliohusika wana nia ya kuendelea. Rudia kuyasoma hayo mambo matano. Urembo wa bango haukupewa nafasi yake peke yake.

Mwaka 2012 ushindi wa tuzo hiyo ulikwenda kwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing. Walitengeneza mfululizo wa filamu fupi kuhusu mapenzi ya wanafunzi, na katikati ya kisa hicho mtazamaji akawa anajifunza kutumia maktaba. Mwanafunzi anayekimbia semina ya maelekezo ya maktaba huketi kutazama iwapo kijana atampata msichana.

Huhitaji zaidi ya hapo kuanza. Chukua vipimo hivyo, viweke kwa Kiswahili chepesi, uvijadili na wenzako kabla hamjapokea ombi hata moja. Vipimo vikitungwa baada ya maombi kufika, kila jaji atatunga vya kumfaa rafiki yake.

Hatua ya pili: uliza nani hakuwa akija

Hili ndilo swali la kwanza kwa kila anayewasilisha kampeni, na ndilo linalowashinda wengi. Ukijibiwa “tulitaka kuhamasisha usomaji katika jamii”, mwombe mwenzako kwa upole afafanue. Jamii ipi? Wamama wanaouza mboga kando ya kituo cha matatu? Wavulana walioacha shule wanaoosha magari? Wazee wastaafu wanaotafuta gazeti la bure? Kampeni isiyomjua mtu wake haiwezi kumfikia ila kwa bahati.

Jibu zuri hutaja mtu, na pia hutaja kinachomzuia. Chukua Maktaba ya McMillan pale Banda Street. Jengo lilifunguliwa mwaka 1931, lina nguzo kubwa mbele na simba wa mawe wawili mlangoni, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Hadi leo utamkuta mtu aliyepita mbele yake miaka ishirini akienda kazini na hajawahi kupanda zile ngazi. Anadhani ni ofisi ya serikali au ni ya wanachama fulani. Hapo kizuizi ni jengo lenyewe na historia yake, wala si uhaba wa vitabu. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka kwa ajili ya kuifufua McMillan pamoja na maktaba za Kaloleni na Eastlands, lililielewa jambo hilo. Mwaka 2022 likaanzisha tamasha la fasihi linalofanyika ndani ya maktaba hizo. Mtu akishaingia kumsikiliza mwandishi, siku nyingine haogopi simba.

Vizuizi vingine ni vya kawaida zaidi: deni la kitabu kilichopotea, saa za kufunga zinazogongana na saa za kutoka kazini, imani kwamba maktaba ni ya wanafunzi wa mitihani tu. Jaji anayejua mtaa atakitambua kizuizi cha kweli hata kikiandikwa kwa Kiswahili kibovu.

Hatua ya tatu: lipime wazo kwa kizuizi chake

Sasa ndipo ubunifu unaposomeka. Wazo bora hukaa juu ya kizuizi kama kifuniko juu ya sufuria.

Machi 2024, maktaba ya umma ya mji wa Worcester, Massachusetts, ilitangaza kwamba mwenye deni la kitabu kilichopotea au kuharibika atafutiwa akionyesha picha ya paka. Asiyekuwa na paka alikubaliwa kuchora mmoja. Ukilisikia hivi hivi utadhani ni mchezo wa watoto. Lakini fikiria mtu aliyepoteza kitabu wakati wa korona, akaona aibu, akaacha kabisa kuja. Ukimwandikia barua ya msamaha bado unamkumbusha kosa. Ukimwambia alete picha ya paka, umempa njia ya kurudi akiwa anacheka, na hakuna anayemhoji. Aibu ndiyo ilikuwa kizuizi, na kicheko kikaiondoa.

Mwaka 2018, Maktaba ya Umma ya New York ilianza kuweka vitabu vya kale, ambavyo hakimiliki zake zimekwisha, ndani ya sehemu ya “Stories” ya mtandao wa Instagram, kurasa zikifuatana na michoro. Msanifu aliacha mahali pa kuweka kidole gumba ili ukurasa usimame usome kwa utulivu. Hapo kizuizi kilikuwa simu, nao wakaingia ndani ya simu hiyo hiyo.

Wakutubi wa Brooklyn, huko huko New York, nao, Aprili 2022, walipoona vitabu vinaondolewa katika shule na maktaba za majimbo mengine, walitoa kadi ya kielektroniki bila malipo kwa kijana yeyote wa miaka 13 hadi 21 popote alipo Marekani. Hapo tangazo na huduma ni kitu kimoja. Mimi kampeni za namna hii ndizo ninazozipa alama za juu kabisa, kwa sababu mtu akiitikia wito hapati maneno tena, anapata kadi.

Jihadhari na wazo lililonakiliwa bila kizuizi chake. Maktaba ya mtaani isiyotoza faini wala kuazimisha vitabu nje ikiomba picha za paka, itapata picha za paka. Kunakili si dhambi, tuzo zenyewe zipo ili tuibiane mawazo, lakini mwombaji aeleze alibadilisha nini ili wazo lilingane na watu wake.

Hatua ya nne: zichunguze hesabu kwa utulivu

Hapa ndipo ninapowaomba majaji wakae muda mrefu kuliko popote, maana hapa ndipo tunapodanganyika bila mtu yeyote kukusudia kudanganya.

Katika kikao kimoja tuliletewa kampeni iliyoonyesha kwamba idadi ya wageni ilikuwa karibu maradufu kati ya Agosti na Oktoba. Tulifurahi. Tulipotembelea maktaba yenyewe, mlinzi wa langoni akatuambia kwa utaratibu wake, “Kila Oktoba huwa hivi. Ni KCSE.” Watahiniwa wa mtihani huo wa kidato cha nne walikuwa wamejaza viti, kila mmoja na madaftari yake mwenyewe, na rafu hazikuguswa. Kampeni ile haikuwa na kosa, ila ongezeko halikuwa lake.

Kwa hiyo linganisha mwezi na mwezi wake wa mwaka uliopita, Oktoba kwa Oktoba, likizo ya Agosti kwa likizo ya Agosti. Nairobi hujaza na kumwaga maktaba zake kwa kalenda ya shule, na asiyeijua kalenda hiyo atatuza mitihani.

Tenganisha pia aina za hesabu. Walioingia ni hesabu moja, waliojiandikisha ni nyingine, walioazima ni ya tatu, na waliorudi mara ya pili ndiyo hesabu ninayoiamini kuliko zote. Maktaba nyingi hapa kwetu hutumika kama ukumbi wa kujisomea, na hilo ni jambo jema kwa mtoto anayetoka nyumba ya chumba kimoja. Lakini kampeni iliyolenga kuazimisha vitabu vya hadithi ipimwe kwa vitabu vya hadithi vilivyotoka.

Mfano wa hesabu iliyonyooka ni Chicago. Oktoba 2019 maktaba za mji huo ziliacha kutoza faini za ucheleweshaji. Lengo lilikuwa kurudisha vitabu na watu, na katika wiki tatu za kwanza vitabu vinavyorudishwa vikaongezeka kwa asilimia 240. Lengo linasema kurudi, na hesabu inahesabu kurudi.

Waombaji wengi watasema hawana mitambo ya kuhesabu. Haihitajiki. Wafundishe mbinu hizi kabla ya msimu wa tuzo, maana zinagharimu kalamu tu. Ongeza safu moja kwenye daftari la wageni: “Umesikia wapi habari zetu?” Au chora alama tofauti kwenye vipeperushi: nyota kwa vilivyoachwa kwa kinyozi, pembetatu kwa vilivyogawiwa kwenye matatu, duara kwa vilivyopelekwa kanisani na msikitini. Anayekuja na kipeperushi apewe kialamisho cha kitabu, nawe ukibaki na kipeperushi chake. Mwisho wa mwezi vihesabu mezani. Maktaba moja iligundua kwa njia hii kwamba vipeperushi vya saluni vilileta akina mama wengi na watoto wao, ilhali vile vya kituo cha matatu havikurudi hata kimoja. Hayo ni maarifa ya kweli, na niliyapa alama nyingi hata pale ambapo jumla ya waliokuja ilikuwa ndogo.

Wafuasi wa mitandaoni wahesabiwe, lakini waandikwe kando. Kidole kilichobonyeza kupenda hakijafika mlangoni.

Hatua ya tano: pima ukweli na heshima

Mwaka 2011, mji wa Troy, jimbo la Michigan, ulikuwa karibu kufunga maktaba yake. Wakazi walitakiwa kupiga kura kuhusu nyongeza ndogo ya kodi ya kuiendesha, na wapinzani wa kodi walikuwa na nguvu. Waungaji mkono wa maktaba, pamoja na wakala wa matangazo Leo Burnett wa Detroit, wakaweka mabango kwa jina la kikundi cha kubuni: pigeni kura maktaba ifungwe Agosti 2, kisha njooni kwenye sherehe ya kuchoma vitabu Agosti 5. Mji ulichemka kwa hasira. Watu waliacha kubishana kuhusu kodi, wakaanza kuzungumza kuhusu vitabu. Baadaye wahusika wakajitokeza wakaeleza kwamba kuipigia maktaba kura ya kuifunga ni sawa na kuvichoma vitabu vyake. Maktaba ikashinda kura.

Kampeni ile ilisifiwa na kutuzwa, na kwa nguvu ya wazo sioni ya kuizidi. Hata hivyo mimi nisingeipa tuzo katika mtaa wetu. Iliwadanganya wakazi kwa siku kadhaa, na huku kwetu uvumi ukishatoka huwezi kuukusanya. Utakuwa Dandora asubuhi na Kawangware jioni, na maelezo ya baadaye hayataufikia. Maktaba ni mahali ambapo mtu anatarajia kuambiwa kweli. Jopo lenu linaweza kuamua tofauti, lakini amueni mapema, muandike.

Kisha picha za watoto. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya uso wake ni mojawapo. Mwombaji aambatishe idhini hizo. Akikosa, mrudishieni fomu azitafute. Msipozitaka nyinyi, mnamfundisha kwamba si lazima. Na mtoto asionyeshwe kama mtu wa kuhurumiwa. Nimeona mabango yenye mtoto wa Kibera asiye na viatu ameshika kitabu kilichochanika. Mama yake akiliona, hataleta mtoto wa pili.

Mabango ya barabarani nayo yanahitaji kibali cha kaunti. Ulizeni kama kilichukuliwa. Kampeni iliyobanduliwa na askari wa kanjo siku ya tatu haikupata nafasi ya kufanya kazi.

Hatua ya sita: andaa fomu na mgawanyo wa alama

Fomu iwe kurasa mbili, Kiswahili au Kiingereza kwa hiari ya mwombaji. Iulize: nani hakuwa akija, kwa nini, mlifanya nini, kiligharimu kiasi gani pamoja na vitu mlivyopewa bure, nini kilibadilika, na mnaendelea na nini sasa. Swali la vitu vya bure ni muhimu. Mchoraji wa matatu aliyejitolea kuchora ukuta ametoa fedha, ingawa haikupita mkononi.

Kwa alama 100, sisi tulifikia mgawanyo huu baada ya mabishano marefu: kumjua mlengwa na kizuizi chake 25, wazo 20, namna lilivyotekelezwa 15, matokeo 30, kuendelea 10. Mkitaka kubadilisha, badilisheni, ila msiishushe sehemu ya matokeo chini ya ile ya wazo. Suala la ukweli na idhini za watoto halina alama. Ni mlango, anayeushindwa haingii.

Tenganisheni pia maktaba zenye bajeti na zisizo nayo. Maktaba ya chuo kikuu yenye ofisi ya mawasiliano isishindanishwe na chumba cha vitabu kinachoendeshwa na vijana watatu Mathare.

Hatua ya saba: chagua majaji, kisha uwatoe ofisini

Watu watano wanatosha. Mkutubi mmoja, mtu wa matangazo mmoja, mwalimu, msomaji wa kawaida, na mtu mmoja ambaye haendi maktaba kabisa. Huyo wa mwisho usimwache. Kwetu alikuwa fundi viatu, na maswali yake ndiyo yaliyotuzindua kila mara: “Mimi hilo tangazo ningelionea wapi?”

Kila jaji atoe alama peke yake kabla ya mazungumzo. Mkianza kwa kuzungumza, mwenye sauti kubwa au mwenye cheo atawavuta wote. Kisha chukueni watatu wa juu mkawatembelee bila kuwaarifu siku, wakati maktaba iko wazi. Ongeeni na mlinzi, na msafishaji, na mtoto aliyeketi dirishani. Muulizeni mtoto alikujaje siku ya kwanza.

Hatua ya nane: toa tuzo inayosaidia

Cheti ni kizuri, kitundikeni. Lakini ongeza kitu kinachoendeleza kazi: vitabu vya shilingi 20,000 vilivyochaguliwa na wasomaji wenyewe, au kulipiwa uchapishaji wa vipeperushi vya mwaka mzima. Toeni tuzo kwenye maktaba iliyoshinda, mbele ya majirani, siku ya Jumamosi, msiipeleke hotelini mjini. Jumamosi iliyo karibu na tarehe 23 Aprili, Siku ya Kitabu Duniani, inafaa sana, na mara nyingi watoto huwa likizoni.

Andikieni pia walioshindwa, kila mmoja barua yake, mkitaja jambo moja alilofanya vizuri na hesabu moja aliyoikosa. Ni kazi ya siku mbili. Katika mzunguko wetu wa pili, maombi bora yalitoka kwa watu waliokuwa wamepokea barua hizo.

Mshindi akiwa tayari, msaidieni kuomba tuzo ya IFLA. Fomu yenu, kama mlifuata vipimo vya hatua ya kwanza, tayari ina karibu kila kitu anachohitaji. Kilichobaki ni kutafsiri, kupanga picha zenye idhini, na kuweka hesabu za mwaka huu kando ya za mwaka jana. Halafu, miezi sita baada ya sherehe, rudini katika ile maktaba iliyoshinda, muombe daftari la wageni, na mtafute majina ya walioandika kwamba walisikia habari zake saluni. Hesabuni wangapi bado wanakuja.